Upande wa Pili wa Shuka

Ukilazwa hospitali utamjua daktari, utawajua manesi, na ukishapona utamkumbuka hata mlinzi wa getini aliyewazuia ndugu zako wasiingie na kapu la chakula. Lakini aliyekunja shuka ulilolalia hutamjua, hata ulazwe mwezi mzima. Si kosa lako. Yuko chini kabisa ya jengo, ukishuka kwa ngazi za nyuma, mlango wa pili baada ya jiko, na siku akipanda juu huvua aproni yake kwanza, akafanana na watu wengine wote. Habari hii ni ya mmoja wa wakunja mashuka hao.

Wenzake walimwita Bi Mkunjo. Jina hilo alipewa kwa haki naye akalipokea kwa haki, maana katika chumba kile cha kufulia hakuna aliyekunja shuka likakunjika kama yeye. Alianza kazi akiwa msichana mwembamba mwenye haya, na sasa alikuwa bibi mwenye mgongo unaomwamsha kabla ya jogoo na mdomo usiomwogopa mtu. Chumba chenyewe kilikuwa na sakafu ya saruji isiyokauka, mabomba yanayotoka jasho, na madirisha membamba yaliyokaa juu karibu na dari. Kupitia madirisha hayo uliona miguu tu ya wapita njia. Daktari mkuu wa hospitali, watu wa kule chini walimtambua kwa viatu, na walijua amenunua vipya kabla mkewe hajajua.

Mashuka yalifuliwa na kukaushwa kwa mashine, hilo tuliseme mapema ili tusitie chumvi. Lakini kukunja kulikuwa kwa mikono minne. Watu wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja kashika pembe mbili. Wanalivuta shuka mpaka likaze, wanalikung'uta, wanalikunja kwa urefu, kisha mmoja anatembea kumfuata mwenzake, anamkabidhi pembe zake, anainama kuushika mkunjo unaoning'inia, anarudi nyuma. Kuvuta, kukung'uta, kwenda, kurudi. Likiisha linatupwa mezani kwa Mzee Pasi, alibonyeze kwa pasi nzito huku akilalamikia mgongo wake. Kazi hiyo haifanyiki na mtu mmoja, na haifanyiki vizuri na watu wasiozoeana.

Mwenzake Bi Mkunjo, tangu ujana wao, alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Na hakuwa amekuja pale kwa sababu ni wifi. Bi Mkunjo ndiye aliyemtafutia kaka yake mke, wala hakwenda mbali kumtafuta. Alimtazama msichana aliyesimama upande wa pili wa shuka, mcheshi, mwenye vicheko vya kusikika mpaka jikoni, akasema moyoni, huyu haendi kwa watu wengine. Wakawa mawifi, wakawa chanda na pete. Wanaume wao walikuwa wakitaniana kwamba kuoa mmoja wa wale ni kuoa wote wawili.

Na sasa walikuwa hawasemezani.

Walikuwa hawasemezani tangu harusi ya binti yake Bi Mkunjo, na mtoto wa binti huyo sasa anasoma darasa la tatu. Siku moja kabla ya harusi, wifi alijitolea kulipiga pasi gauni la bi harusi. Akalipeleka kazini, kwa kuwa pasi ya kule ilikuwa nzito na nzuri kuliko ya nyumbani, na alipolirudisha lilikuwa na doa la hudhurungi kiunoni, umbo la ncha ya pasi kamili. Bi harusi mwenyewe alilia kidogo, akafunga utepe mpana juu ya doa, akaolewa, na kwenye picha hakuna anayejua. Mama yake ndiye aliyeshindwa kujizuia. Mbele ya mashangazi na majirani alisema, "Umefanya makusudi. Umemwonea mwanangu wivu." Wifi akasimama pale na gauni mikononi. Akasema, "Kama ndivyo unavyonijua, basi usinisemeshe tena." Akasemwa na wazee, akabembelezwa na mumewe, akakataa. Bi Mkunjo naye akajikaza. Mpaka jioni ile ile alikuwa ameshajua moyoni kwamba ametamka upuuzi, lakini kujua ni jambo moja na kufungua mdomo ni jambo jingine.

Jumatatu iliyofuata wote wawili wakaenda kazini, kila mtu akasimama mahali pake, wakaanza kukunja.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Wenzao waliwaita Mabubu, na mwishoni hata wao hawakukasirika. Kwa kuwa midomo ilikuwa imefungwa, shuka ndilo lililosema. Likivutwa kidogo upande mmoja, maana yake pembe yako imepinda. Likivutwa ghafla, msimamizi anakuja. Likilegea, mwenzako kachoka au ana lake. Bi Mkunjo alijivunia kwamba kwa kushika pembe mbili tu alijua kama kaka yake karudi salama na lori lake, au kama nyumbani kwa wifi kuna homa. Alikuwa akimwambia mumewe, fundi viatu aliyezoea kusikiliza na misumari mdomoni: "Yule ninamjua nje ndani. Hahitaji kuniambia kitu."

Jambo moja tu lilimkera. Miaka ya karibuni, pembe za wifi zilianza kuja zimepinda. Zamani alikunja vizuri sana. Sasa analeta shuka kombo, anakabidhi pembe kando ya mkono unaopokea. Bi Mkunjo aliona ni dharau. Alijisemea, ananikomoa huyu, anataka nikasirike niwe wa kwanza kusema. Hakumpa raha hiyo. Kila alipofika kupokea, vidole vyake viliifuata pembe ilikopotelea, vikailinganisha, wakaendelea.

Basi siku moja asubuhi msimamizi, mama mmoja mwenye funguo nyingi na huruma nyingi, akawakusanya katikati ya vikapu akawaambia kwamba mashine mpya inakuja. Inapokea shuka likiwa na unyevu, inalikausha, inalibonyeza, inalikunja, inalitoa tayari upande wa pili. Mtu mmoja tu wa kulishikisha kwenye mdomo wake.

"Hakuna atakayefukuzwa," akasema haraka, kabla minong'ono haijakua. "Mtagawanywa upya. Wengine chumba cha kushonea, wengine kugawa wodini."

Mzee Pasi alipiga makofi peke yake.

Bi Mkunjo akanyoosha mkono. "Mashine itajuaje kama ndani ya shuka kuna kijiko? Sisi tunakung'uta. Tumeshaokota vijiko, pete, hata meno ya mtu."

"Itasimama yenyewe, mama," akasema fundi wa mitambo, kijana mpole aliyekuja na msimamizi. "Ikikutana na kitu kigumu inasimama na kupiga kengele."

"Kumbe hata kengele inayo! Na mkipata mashine ya kuugua, mtatuita tuje tuione?"

Watu wakacheka, fundi naye akacheka.

"Mama, haya ni maendeleo," akasema.

"Kila kilicho kipya mnakiita maendeleo. Msumari mpya ukikuingia mguuni utauita maendeleo?"

"We Mkunjo," Mzee Pasi akadakia, "njoo uushike mgongo wangu kwanza, halafu uje kunihubiria uzuri wa zamani. Mimi hiyo mashine ikifika nitaibusu."

Upande wa pili wa kikapu, wifi alikuwa ameinamisha uso. Bi Mkunjo alimtazama kwa pembe ya jicho, asijue anawaza nini, kwa kuwa hakukuwa na shuka kati yao wakati ule.

Watu hupenda kuuliza kama maendeleo ya binadamu ni mema siku zote. Ni swali zuri, ila mara nyingi huulizwa na mtu aliyekaa kitini na chai yake. Mwulize Mzee Pasi, atakujibu bila kufikiri. Mwulize Bi Mkunjo, naye atakujibu bila kufikiri, jibu jingine kabisa, na atakuongopea. Maana hakuwa anavililia vijiko. Alichokuwa anakiogopa ni hiki: shuka lile ndilo kitu pekee kilichokuwa kimebaki kati yake na wifi yake. Likiondoka, hawatakuwa maadui wala hawatakuwa mabubu. Watakuwa watu wawili tu wanaofanya kazi hospitali moja.

Nyumbani alilalamika wiki nzima. Binti yake, yule yule wa gauni, alikuja Jumapili na mtoto wake, akamsikiliza mpaka akachoka.

"Mama, wewe si ndiye unayepakwa dawa mgongoni kila usiku?"

"Mgongo ni wangu."

"Sawa. Lakini mimi nilipojifungua pale kwenu, nililala juu ya mpira mtupu wa godoro tangu alfajiri mpaka mchana. Nesi anasema mashuka hayajapanda. Na mama yangu mzazi yuko chini ya miguu yangu anayakunja, mkono kwa mkono, kwa upole."

Bi Mkunjo alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo. Siku zote alikuwa amelifuata shuka kwa mawazo mpaka mlango wa lifti tu, na pale akaliachia.

Mumewe akatoa misumari mdomoni. "Sema ukweli, mke wangu. Unalia kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya wifi yako?"

"Nani? Yule? Nimlilie yule mimi?" Akainuka akaenda kusugua sufuria iliyokuwa imeshaoshwa.

Siku ya mwisho ya kukunja kwa mikono walipewa furushi la kawaida, na kwa kawaida lingekwisha kabla ya saa ya chai. Siku hiyo halikuisha. Wote wawili walikuwa wanakwenda polepole, na hakuna aliyemvuta mwenzake kumharakisha. Bi Mkunjo alikuwa ameazimia kusema. Alikuwa amelipanga neno lake tangu nyumbani, neno moja tu fupi, na kila alipotembea kumfuata wifi alilibeba mpaka mdomoni. Akifika, wakigusana vidole, linarudi tumboni. Shuka la mwisho walilikunja, wakalishika kati yao, na kwa muda hakuna aliyeliachia. Kisha msimamizi akaita kutoka mlangoni kwamba mafundi wanataka nafasi. Wifi akaliachia, akajifuta mikono kwenye aproni, akaondoka. Bi Mkunjo alibaki na shuka kifuani na alijichukia kwa moyo wake wote.

Mashine ikaja, na lazima niseme ilikuwa nzuri. Ilikuwa ndefu, nyeupe, yenye joto la kupendeza na mngurumo mtulivu. Bi Mkunjo alipangiwa kulishikisha shuka mdomoni mwa mashine, kwa kuwa ndiye aliyejua shuka kuliko wote, na wifi akapelekwa chumba cha kushonea, jengo la ng'ambo ya uwanja. Siku za kwanza Bi Mkunjo aliivizia mashine ikosee. Haikukosea. Ilitoa mashuka yaliyonyooka, moto, pembe juu ya pembe, mpaka kabati za wodi zikajaa na manesi wakaanza kushuka wenyewe kuja kuitazama. Hata kijiko ilikikamata, ikasimama, ikapiga kengele. Mzee Pasi hakuibusu, ila alionekana akiipapasa ubavuni. Sasa alikuwa anafanya kazi ya kupanga mablanketi na anapiga mluzi.

Na mgongo wa Bi Mkunjo, msaliti mkubwa, ukaanza kupona. Akalala usiku. Akaamka hana maumivu, akakasirika kwamba hana maumivu.

Lakini kuna mambo mashine haikuyaweza. Aliposhika pembe mbili na kuinua macho, alikuta ukuta. Mara kadhaa mikono yake ilimponyoka ikanyooka mbele, ikasubiri kukabidhiwa, na fundi alipomwona akadhani mama anafanya mazoezi ya viungo, akamsifu. Saa ya chai alitazama kwenye madirisha ya juu akitafuta viatu vya wifi yake kati ya viatu vinavyopita uwanjani. Akaviona siku moja. Vilikuwa vinakwenda taratibu, vikipapasa ukingo wa njia kabla ya kukanyaga. Akajiambia wifi kazeeka, akarudi kazini na roho imemsinyaa.

Habari ililetwa na msukuma toroli, ambaye kwa kazi yake ya kupita kila mlango alijulikana kama Redio.

"Bi Mkunjo, pole na mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Redio akasimamisha toroli. Alikuwa mtu wa umbea, lakini si mtu mbaya, na uso wake ulionyesha aibu. "Wifi yako. Si kafanyiwa upasuaji wa macho juzi? Nilidhani unajua. Wewe si ndugu?"

Bi Mkunjo alishikilia ukingo wa mashine. Macho? Wifi yake ana macho mabovu? Mtu aliyesimama mbele yake miaka yote hiyo, ambaye yeye alijigamba kumjua nje ndani? Ndipo zile pembe zilizopinda zikamrudia zote, moja baada ya nyingine, na mikono iliyokuwa ikikabidhi hewani, na vile viatu vilivyopapasa ukingo wa njia. Hakuwa anakomolewa. Mwenzake alikuwa haoni.

Kazi ilipoisha hakwenda kwake. Alivuka barabara, akapita duka la vifaa vya umeme, akapita kwa yule jirani aliyekuwapo siku ya gauni na ambaye sasa alisimama mlangoni kushuhudia maajabu, akafika kwenye nyumba ya kaka yake. Kaka alikuwa safarini na lori. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akausukuma.

Wifi alikuwa amekaa kwenye kochi, jicho moja limefunikwa kwa ngao ya plastiki na plasta, lile jingine lina ukungu mweupe ambao sasa mtu yeyote angeuona, kama angelitazama. Akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Nani?"

Bi Mkunjo akasimama. Neno lake lile lile fupi likapanda mpaka kooni, likakwama pale pale linapokwama siku zote. Mazoea ni kitu kibaya. Mwili wake wote ulikuwa unangoja wifi amwone, aelewe, na mambo yaishe kimyakimya. Lakini aliyenyamaza mbele ya mtu asiyeona hayupo.

"Nani wewe? Sema, mimi sioni."

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi, wifi yako."

Mkono wa wifi ukatulia juu ya mto wa kochi.

"Muongo wewe," akasema hatimaye. "Wifi yangu ni bubu."

Bi Mkunjo akatoa sauti, nusu kicheko nusu kilio, akakaa bila kukaribishwa. "Pole, wifi. Pole sana. Nimeambiwa leo. Na Redio! Mimi nikaambiwa na Redio!"

"Basi dunia nzima inajua."

"Ilikuwaje?"

Na wifi, ambaye alikuwa na maneno ya miaka yote hiyo yamelundikana kifuani, akasimulia. Alisimulia jinsi alivyopewa sindano chumba cha kushonea akashindwa kuitungia uzi, akawa anamwomba mwenzake amtungie, kila mara kwa kisingizio kipya. "Mwisho nikashona foronya pande zote nne. Nikaipeleka na kujisifu. Nesi kaishika, kaigeuza, anatafuta pa kuingizia mto. Wakacheka wote, nami nikacheka, halafu nikaanza kulia mbele ya watoto wa watu." Msimamizi hakumgombeza. Alimshika mkono akampandisha mpaka kwa madaktari wa macho. "Kumbe wako ghorofa mbili tu juu ya vichwa vyetu, wifi! Mtoto wa jicho, wakasema. Na mimi nilikuwa naogopa kisu. Hakuna hata cha kuogopa siku hizi. Wananitia ganzi, wao wanabishana habari za mpira, ghafla naambiwa mama, tumemaliza. Kesho plasta inatoka. Lile la pili mwezi ujao."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, nifukuzwe? Na kwani kulikuwa na haja? Aliyekuwa anajua alikuwa ananifichia." Wifi akatabasamu kuelekea upande ambao si wa Bi Mkunjo hasa. "Unadhani sikujua? Kila siku ulinyoosha pembe zangu. Nikikosea unanifuata mkono, unanilinganisha, hunitupii hata shuka kwa hasira. Nikirudi nyumbani namwambia kaka yako: dada yako hanisemeshi, lakini ananishika mkono kama mtoto. Ndiyo maana mashine ilipotangazwa nililia. Nikasema, sasa nitaongozwa na nani?"

Hapa Bi Mkunjo angeweza kunyamaza. Ingekuwa rahisi, na angekunywa chai kwa heshima asiyoistahili mpaka kufa kwake. Hakuna ambaye angejua. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Sikujua," akasema.

"Hukujua nini?"

"Sikujua kama huoni. Nilidhani unanikomoa. Nilidhani unapindisha makusudi ili nikasirike. Nilikuwa nanyoosha kwa hasira, wifi. Sikuwa nakufichia. Nilikuwa nakununia."

Tabasamu la wifi likaondoka taratibu. Nje binti wa wifi, aliyekuwa ametumwa dukani, alimwita jirani akamsalimu, kisha sauti yake ikapotea. Bi Mkunjo alijua ameharibu, na hata hivyo hakutaka kulirudisha lile neno.

"Kumbe," akasema wifi. "Kwa hiyo tulikuwa hatuambiani kitu."

"Hatukuwa tunaambiana kitu."

"Na mimi nilikuwa najisikia vizuri bure!"

"Bure kabisa."

Alianza wifi. Ulikuwa mguno tu, akaubana, ukamshinda, ukawa kile kicheko chake cha zamani cha kusikika mpaka jikoni, huku amelishikilia jicho lake kwa kuwa daktari alimkataza kucheka sana. Bi Mkunjo naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baada ya kicheko kwisha machozi hayakwisha. Alikuwa anaifikiria ile mashine nyeupe kule chini. Kama isingekuja, wifi yake angeendelea kukunja gizani, na yeye angeendelea kumnyoosha kwa chuki, na wote wawili wangezeeka wakiamini kwamba wanazungumza. Aliikasirikia mashine iliyomwondolea mtu wake, na alikuwa tayari kwenda kuipigia magoti. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja na hakuona sababu ya kulifukuza lolote.

"Sasa niulize," akasema wifi.

"Nikuulize nini?"

"Lile gauni. Ulisema nimefanya makusudi. Hukuniuliza nimefanyaje. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza, wote walikuwa wananiambia nisamehe."

Bi Mkunjo akafuta uso kwa kiganja. Akasogea kwenye kochi, karibu, mpaka magoti yao yakagusana. "Nakuuliza, wifi. Uliliunguzaje?"

"Kwa kuongea." Wifi akavuta pumzi. "Alipita nesi kuchukua taulo, akasema gauni zuri, la nani? Mdomo wangu huu ukafunguka. Nikamwambia, hili ni la binti yetu. Tumemlea mimi na wifi yangu, na kesho tunamwoza mimi na wifi yangu, na hakuna mwanamke hapa hospitali mwenye wifi kama wangu. Nilimgeukia ili anione ninavyosema. Mkono ukasahau pasi."

Bi Mkunjo alimtazama mwenzake uso kwa uso, akamwangalia vizuri kabisa, na wifi, ambaye hakuuona mtazamo huo, akangoja kidogo, kisha akamgusa goti.

"Sema basi. Ukinyamaza sijui kama upo."

"Nipo," akasema Bi Mkunjo. "Nisamehe. Nipo hapa, wifi, na kesho nitakuja kukupeleka ukatolewe plasta."